Sentensi iliyokwama: uchambuzi wa kisa cha mwandishi aliyezidiwa na mitandao

Kisa hiki ni cha mwandishi mmoja mwanamke ambaye nilikuwa mhariri wa makala yake. Ameridhia nikiandike, kwa sharti kwamba nisimtaje jina na nibadilishe mambo machache yanayoweza kumtambulisha. Alikuwa ameahidi makala ya maneno kama 3,000 kuhusu kumuuguza mama yake aliyepoteza kumbukumbu. Si mwanagenzi. Ameandika na kuchapisha kwa miaka mingi, na kazi zake za nyuma zilikuwa zikifika kwa wakati. Hii haikufika. Tarehe ya kwanza ikapita, nikamwongezea muda, na ya pili nayo ikapita. Nilipompigia simu hakutafuta visingizio. "Kaka," aliniambia, "kila siku nakaa mezani tangu asubuhi. Ikifika jioni nimesoma vitu chungu nzima, nimeandika mistari miwili, na hiyo miwili nimeshaifuta."

Malalamiko ya namna hii nayasikia mara kwa mara. Nimekichagua kisa chake kwa sababu alikubali kuweka kumbukumbu ya kila alipouacha mswada na kwenda mtandaoni, na kumbukumbu ile ilifichua jambo ambalo ushauri wa kawaida hauligusi kabisa. Ushauri wa kawaida huhesabu dakika. Kwake yeye dakika zilikuwa dalili tu.

Asubuhi yake ilivyokwenda

Anafungua kompyuta, mswada uko wazi. Simu iko pembeni ya mkono wa kulia, imelazwa kifudifudi, haitoi mlio wala haitetemi, kwa kuwa arifa alishazizima siku nyingi. Anasoma aya ya jana ili apate pa kuanzia. Anabadilisha neno moja, anahamisha mkato. Anafika mwisho wa aya, mahali ambapo sentensi mpya inatakiwa izaliwe, na hapo anakumbuka kuna kitu cha kuhakikisha: je, mgonjwa wa aina hii husahau kwanza majina au nyuso?

Swali ni halali. Analitafuta, analipata, na jibu lenyewe linamchukua dakika chache. Lakini chini ya jibu kuna posti ya binti mwingine anayemuuguza mama yake, imeandikwa vizuri, na watu wengi wameijibu. Anasoma majibu. Katika majibu kuna daktari anayebishana na mtu anayeuza dawa za mitishamba. Anafuata mabishano. Kutoka hapo kidole kinashuka chenyewe: habari za vita, picha za harusi ya mtu aliyesoma naye, video ya fundi anayefungua saa ya zamani kijino kwa kijino, tangazo la nepi za watu wazima (mtandao umeshajua anachotafuta), kisha mtu anayelia mbele ya kamera kwa kufiwa. Anapoirudia kompyuta, aya aliyoiacha inamtazama kama ya mgeni. Anaisoma tena tangu mwanzo ili apate pa kuanzia.

Nilimwomba anieleze anajisikiaje anaporudi, na maelezo yake nayaona ya thamani kuliko lolote nililowahi kusoma juu ya jambo hili. Alisema kichwa kinakuwa kimejaa na hakina kitu kwa wakati mmoja. Amesoma watu wengi sana, wenye huzuni, wenye hasira, wenye ushauri, na hakuna hata mmoja anayeweza kumweka pembeni, kwa sababu hakumaliza habari ya yeyote. Halafu anapoanza kuandika, maneno yanayomjia ni yao. Sentensi inakuja ikiwa imekamilika, nzuri, na anajua si yake ingawa hawezi kusema ameitoa kwa nani. La tatu ndilo lililomvunja moyo: kila akisoma, anaona jambo alilotaka kusema limeshasemwa. "Sasa mimi naongeza nini?" aliuliza.

Aliyokuwa amekwisha kujaribu

Kabla hatujazungumza alikuwa amepita njia zote zinazojulikana. Alifuta programu za mitandao kwenye simu, akajikuta anaingia kupitia kivinjari, ambako ni usumbufu zaidi lakini kunafika. Aliweka kikomo cha muda. Muda ukiisha, simu inauliza kama aongezewe dakika 15, naye anaongeza. Aliigeuza rangi ya skrini iwe nyeusi na nyeupe, akaizoea. Alijifungia wiki nzima bila mitandao. Wiki ile aliandika kidogo, aya ambazo hazikuwa na uhai, na akakosa ujumbe muhimu kutoka kwa watu wanaomsaidia kumtunza mama. Aliporudi alirudi kwa pupa.

Nataka hapa nimtetee, na wengine wa aina yake. Watu wake wa karibu walimwambia hana nidhamu. Mtu aliyemwogesha mama yake kila asubuhi kwa miaka, akampa dawa kwa saa, akamjibu swali lile lile mara hamsini bila kufoka, huyo hawezi kuambiwa amepungukiwa nidhamu. Ukiona mtu mwenye nidhamu katika kila jambo anashindwa katika jambo moja tu, acha kumchunguza mtu, kichunguze kile anachopambana nacho.

Kitu kisicho na mwisho kilitengenezwa

Ukurasa usioisha una mtu aliyeubuni. Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa programu, alitengeneza namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila msomaji anapokaribia chini, ili asihitaji kubonyeza kwenda ukurasa unaofuata. Septemba ya mwaka huo huo Facebook ikaanzisha mtiririko wa habari. Kabla ya hapo ilikubidi utembelee ukurasa wa mtu mmoja mmoja kujua amesema nini. Sasa yote yalikuja kwako, yamepangwa tayari. Mwaka 2009 Loren Brichter akaongeza, katika programu ya kusomea Twitter iliyoitwa Tweetie, ule mtindo wa kuvuta skrini chini kwa kidole ili vitu vipya viingie. Wote wawili wamesema hadharani, miaka baadaye, kwamba wanajutia matokeo.

Badiliko ambalo kwa maoni yangu lilimuumiza zaidi mwandishi halizungumzwi sana. Mpaka mwaka 2016, Instagram na Twitter zilipanga machapisho kwa mfuatano wa saa. Msomaji aliweza kushuka mpaka akafika alipoishia jana, akasema basi, nimemaliza. Mwaka huo zote mbili zikahamia kwenye mpangilio unaochaguliwa na mashine kwa kukisia utakachopenda. Katika mpangilio huo hakuna tena "nilipoishia jana". Posti ya wiki iliyopita inakaa juu ya ile ya asubuhi, na ukifunga na kufungua tena unapata mpangilio mwingine. Kusoma kulikuwa na ukingo, na ukingo huo ukaondolewa.

Kinachomrudisha msomaji kilijulikana zamani, hata kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Wanasaikolojia Ferster na Skinner walichapisha mwaka 1957 matokeo ya miaka ya majaribio kwa wanyama: mnyama anayepata chakula baada ya idadi ya mibonyezo isiyotabirika hubonyeza kwa bidii na huchelewa mno kuacha, hata chakula kikikatwa. Mtiririko wa machapisho unafanya kazi hivyo hivyo. Posti nyingi hazina lolote kwako, halafu ghafla moja inakugusa moyo. Kwa mwandishi wetu, hiyo moja mara nyingi ilikuwa ni mtu mwingine aliyeuguza mama. Hakuwa anakimbilia upuuzi. Alikuwa anatafuta wenzake, na mara moja moja aliwapata. Ndiyo maana ilimwia vigumu kuacha kuliko ingekuwa kwa mtu anayeangalia vichekesho.

Upande wa pili kuna uandishi wenyewe. Watafiti wa uandishi Flower na Hayes, katika kazi yao ya mwaka 1981, waliueleza uandishi kama shughuli tatu zinazoingiliana bila mpangilio: kupanga, kuyageuza mawazo kuwa maneno, na kuyapitia yaliyoandikwa. Zote zinagombania kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo kwa makadirio ya mwanasaikolojia Nelson Cowan ya mwaka 2001 inabeba vitu kama vinne tu kwa wakati mmoja. Mwandishi aliye katikati ya sentensi amebeba mwanzo wake, mahali inapoelekea, sauti ya aya, na kile anachokwepa kukirudia. Amejaa. Posti moja ya mtu anayelia inatosha kuviangusha vyote.

Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, hasa kazi ya kwanza ikiwa haijaisha. Itazame kanuni hiyo kwenye meza ya mwandishi huyu. Mswada haujaisha, na mtandao hauishi. Akiwa kwenye mswada, mabaki ya mtandao yanamfuata, na akiwa mtandaoni mabaki ya mswada yanamsuta. Hakuna mahali alipokuwa mzima.

Nimalizie sehemu hii kwa jambo linalohusu arifa, maana ndizo hulaumiwa kwanza. Gloria Mark, ambaye kwa miaka ameketi maofisini akipima watu wanavyofanya kazi, alikuta kwamba mwaka 2004 mtu alikaa kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhama, na katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi sekunde kama 47. Lakini pia aliona kwamba karibu nusu ya kukatizwa kazini mtu hujikatiza mwenyewe, bila simu kulia wala mtu kuingia mlangoni. Mwandishi wetu alishazima kila mlio. Aliyebaki kumkatiza alikuwa yeye, na swali likawa ni wakati gani anafanya hivyo.

Karatasi ya pembeni

Nilimwomba aweke karatasi pembeni ya kompyuta. Kila anapoondoka kwenda mtandaoni asiandike saa, wala alikokwenda, wala asijilaumu. Aandike tu maneno ya mwisho yaliyokuwa kwenye mswada kabla hajaondoka. Na asijaribu kujizuia, aende kama kawaida.

Alinitumia picha ya karatasi ile baada ya siku chache. Nilitegemea kuona maneno yaliyotawanyika ovyo, kidogo hapa kidogo pale. Hayakutawanyika. Alipokuwa anasimulia, hakuondoka. Kuna aya ndefu inayoeleza chumba cha mama: dirisha, kiti kilichofungwa kitambaa kwenye mguu ili kisikwaruze sakafu, vibandiko vya karatasi kwenye kila mlango wa kabati vinavyotaja kilichomo. Hiyo aliiandika kwa mkupuo mmoja, na karatasi haina hata alama moja ya siku hiyo. Aya ya kumpeleka hospitali, vivyo hivyo. Alipoondoka ni pale sentensi ilipomdai aseme yeye mwenyewe aliona nini au alihisi nini.

Na palikuwa na mahali pamoja palipojirudia mno, kwenye mistari mingi ya karatasi, siku baada ya siku:

"Siku mama aliponiuliza mimi ni nani, nili"

Inaishia hapo. Kitenzi hakijafika.

Nilifungua matoleo ya zamani ya mswada, yale ambayo programu ya kuandikia huyahifadhi yenyewe. Kitenzi kilikuwa kimewahi kufika mara kadhaa. Kulikuwa na toleo lenye "nililia". Lingine lilisema "nilihisi dunia imenipasukia". Lingine, "nilimkumbatia nikamwambia mimi ni mwanao". Yote yamefutwa. Yote ni mazuri, na ukiyasoma ukiwa mhariri unajua yametoka wapi: ndizo sentensi ambazo mitandao imejaa, za mtoto anayempenda mama yake na kuvunjika moyo kwa namna inayokubalika. Kila alipokwama alikwenda kuona wengine wamelisemaje jambo hilo, akarudi na sentensi iliyoenea vizuri mahali pale, akaiandika, kisha akaifuta kwa sababu haikuwa kweli.

Nikampigia. Sikumwomba aandike. Nilimuuliza, "Dada, siku ile mama alipokuuliza wewe ni nani, ulifanya nini?" Alikaa kimya muda. Kisha akasema kwamba alipata ahueni. Yeye na mama yake walikuwa na ugomvi wa miaka, wa maneno mazito yaliyowahi kusemwa na hayakuombewa radhi na upande wowote. Siku mama alipomsahau, aliusahau na ugomvi. Kuanzia hapo mama alimpokea kila asubuhi kwa adabu na uchangamfu kama mgeni mwema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipomjua. Mwandishi alifurahi, na furaha ile ilimtia aibu kubwa.

Niliyaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikamtumia kwa ujumbe, bila kubadilisha kitu.

Tulichokiona

Mtandao ulikuwa unafanya kazi mbili kwake, na zote zilitokea kwa tendo moja la kidole. Kwanza ulimpa pa kujificha wakati ule ule ambao sentensi ilimtaka ajitokeze. Pili ulimpa hisia za kuazima, ili akirudi awe na kitu mkononi. Jambo la pili ndilo la hatari kwa mwandishi, kwa sababu linafanana na kazi. Anaweza kusema, na kwa dhamiri safi, kwamba alikuwa anafanya utafiti.

Hii inaeleza kwa nini ile wiki ya kujifungia haikuzaa. Mtandao uliondoka, lakini ile sentensi ilibaki palepale, na bila pa kujificha aliikwepa kwa kuandika aya zisizo na uhai kuizunguka. Inaeleza pia kwa nini kikomo cha muda hakikumsaidia. Dakika tano zilitosha kabisa kumletea kitenzi cha mtu mwingine.

Ule msemo wake kwamba kila kitu kimeshasemwa nao ukaonekana kwa sura nyingine. Alichokiona kimesemwa mara elfu kilikuwa ni "nililia". Hakuwa amesoma mahali popote mtu aliyesema alipata ahueni. Mashine inayopanga machapisho hupandisha juu yale ambayo wengi wameyapenda, na wengi hupenda upesi kile wanachokitambua. Mtu akijipima kwa kilichopandishwa juu, ataona daima kwamba njia imejaa, na hataiona ile iliyo tupu, kwa sababu hiyo haikupandishwa.

Sidai kila anayezidiwa na mitandao ana sentensi anayoikimbia. Mtu ambaye kazi yake inamlazimu kujibu ujumbe kila baada ya muda mfupi ana tatizo jingine, na dawa yake ni kuzungumza na mwajiri. Mtu asiyelala ana jingine. Ndiyo maana nasisitiza karatasi ya pembeni kabla ya dawa yoyote. Mistari ikitawanyika ovyo, chunguza uchovu na mazingira. Ikirundikana mahali pamoja, soma mahali hapo.

Mpangilio wa kazi uliofuata

Sentensi ilipopatikana haikuwa na maana kwamba makala imekwisha. Zilibaki nyingine, ndogo zaidi, na mazoea ya kidole yalikuwa yale yale. Kwa hiyo tulipanga kazi upya.

Utafutaji uliondolewa kabisa kwenye saa za kuandika. Akihitaji jambo la kuhakikisha, anaweka mabano matupu yenye swali ndani, [majina au nyuso?], na anaendelea. Maswali yanakusanywa kwenye karatasi, na mchana anakwenda mtandaoni akiwa na karatasi hiyo mkononi, anajibu moja moja na kulikata. Hili ndilo nililoliona na matunda makubwa kuliko yote, na nashangaa halipendekezwi zaidi. Linaheshimu udadisi wa mwandishi, maana swali halitupwi, na papo hapo linafunga mlango ambao kutoroka kulikuwa kunapitia. Baadaye tuligundua kwamba maswali mengi kwenye karatasi hayakuhitaji kujibiwa. Sentensi ilikuwa imeshapita bila jibu.

Simu ilihamia chumba kingine. Kuna utafiti wa mwaka 2017 wa Adrian Ward na wenzake uliodai kwamba simu ikiwa karibu tu, hata imezimwa, inapunguza uwezo wa kufikiri. Waliojaribu kuurudia wamepata matokeo yanayopishana, kwa hiyo siujengei hoja. Hoja yangu ni nyepesi zaidi: kuinuka na kutembea ni ule ukingo ulioondolewa. Kati ya meza na chumba cha pili kuna hatua kadhaa ambamo mtu anaweza kujiuliza anakwenda kufanya nini. Siku za mwanzo alishindwa kwa sababu aliogopa kukosa simu kuhusu mama, na hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Tukaipanga simu ili namba za wale wanaomtunza mama pekee ndizo ziite kwa sauti, nyingine zote zikae kimya. Hofu ilipotulia, ndipo mpango ukaanza kushika.

Wakati wa kuandika aliruhusiwa mambo mawili: kuandika au kukaa. Asisome, asipange mafaili, asijibu barua pepe, asisafishe meza. Waandishi wa zamani walikuwa na kanuni ya aina hii kabla ya intaneti, na nadhani ina maana kubwa zaidi leo. Kukaa bure mbele ya "nili" ni adhabu, na ni adhabu inayosaidia, kwa sababu baada ya muda kuandika kunakuwa kwepesi kuliko kukaa.

Kuhusu kusoma, tuliacha kuzungumzia kupunguza. Tulizungumzia kusoma vitu vyenye mwisho. Alichagua kitabu kimoja cha kitabibu kuhusu ugonjwa wa mama, na makala ndefu chache za watu waliouguza wazazi, akazisoma hadi mstari wa mwisho. Anaandika kwa mkono kile asichokubaliana nacho. Kwa habari za kila siku alirudia RSS, mfumo wa mwaka 1999 unaokusanya machapisho ya tovuti ulizochagua kwa mfuatano wa saa, na ukishayasoma yanakwisha. Wengi walidhani umekufa Google ilipofunga huduma yake ya Reader mwaka 2013, lakini programu za kuusomea zipo. Kwenye mitandao yenyewe alianza kutumia ukurasa unaoonyesha watu anaowafuata tu, pale unapopatikana. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya huduma za kidijitali inayabana majukwaa makubwa sana tangu mwaka 2023 yampe mtumiaji walau mpangilio mmoja usiotegemea wasifu wake. Ningependa kila msomaji duniani awe na haki hiyo. Kumwachia mtu mmoja mmoja apambane kwa utashi wake na kitu kilichobuniwa na kupimwa na mamia ya wahandisi si haki.

Sikumwambia aondoke mitandaoni, na sitamwambia. Usiku ambao mama hakulala, kundi la wauguzaji wenzake kwenye simu ndilo lililokuwa macho pamoja naye. Walimfundisha kufunga kitambaa kwenye mguu wa kiti. Wasomaji wake wengi wako huko huko. Wanaohubiri kujitoa kabisa mara nyingi ni watu ambao upweke wao una dawa nyingine.

Ilivyokwenda mpaka sasa

Makala ilifika, ikiwa ndefu kuliko tulivyopatana, na sentensi ile ikiwa katikati ya ukurasa wa kwanza: "Siku mama aliponiuliza mimi ni nani, nilipata ahueni." Sikuigusa. Maendeleo hayakuwa ya moja kwa moja. Zile saa za mchana za kutafuta majibu zilimwagikia jioni zaidi ya mara moja, na kuna siku simu ilirudi mezani. Muda wake wa kuperuzi kwa siku nzima, ukiuhesabu, haukupungua sana. Kilichopungua ni kuperuzi kulikokatiza sentensi, na hicho ndicho kilichokuwa kinamzuia kuandika.

Kisha makala ikachapishwa, na tatizo likarudi kwa mlango mwingine ambao hatukuuwekea mpango. Watu walianza kujibu. Wengi walimwandikia kwamba amewasema wao, kwamba nao waliwahi kuhisi hivyo na hawakumwambia mtu. Wengine walimshutumu: mtoto gani anapata ahueni mama yake akimsahau? Alikaa akivuta skrini chini kwa kidole, akingoja jibu linalofuata liwe zuri au baya. Makala ya pili, ambayo alikuwa ameianza vizuri, ikasimama. Karatasi ya pembeni tulipoirudisha, safari hii mistari ilitawanyika ovyo kila mahali, hata katikati ya masimulizi. Hakukuwa na sentensi anayoikimbia. Alikuwa anangoja hukumu.

Kwa hilo tulifanya jambo moja. Rafiki yake anasoma majibu yote kwa niaba yake na kumletea mara moja kwa wiki, yakiwa yamechapwa kwenye karatasi, ya sifa na ya shutuma pamoja, isipokuwa matusi matupu. Yanayostahili kujibiwa anayajibu siku hiyo. Makala ya pili imefika zaidi ya nusu. Inahusu ule ugomvi.